Usimfuate Hironimus

Karibu na Songea,
Agosti 1906

Mpendwa mdogo wangu Kajetani,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Je, homa ya pwani imekuacha? Sisi tu hai, ingawa ukikutana nasi njiani huenda usitutambue, kwa jinsi tulivyokonda. Askari walichoma maghala, sasa tunachimba mizizi porini. Mama anaumwa miguu, lakini bado ananigombeza kama zamani.

Barua yako imefika. Unasema padre wa Lindi anataka uwe mwalimu wa dini, nawe umefurahi kwa kuwa utafanana na Mwalimu Hironimus aliyetufundisha. Niliposoma hapo nilitema mate. Mama akauliza kuna nini, nikamwambia mdudu ameniingia mdomoni.

Hironimus yupo. Amenenepa wakati wa njaa, jambo ambalo si kila mtu analiweza.

Vita vilipokaribia, alisimama kanisani akasema, "Mchungaji hawaachi kondoo wake. Atakayekimbia hana imani." Basi tukakaa. Asubuhi yake akaipeleka kengele ya kanisa kwa jirani yetu Alfani, yule Mwislamu wa Tunduru auzaye chumvi. "Nifichie, waasi wasije wakaiharibu," alimwambia. Nilikuwapo, nikitwanga na mke wa Alfani, Mwanaheri. Kisha mchungaji wetu akashika njia ya boma, yeye na mbuzi wake wote. Kondoo tukabaki.

Alirudi vita vilipopoa, akitembea nyuma ya askari. Padre wa hapa kwetu alikwisha kuambiwa kwamba Hironimus alilinda kanisa mpaka waasi wakamfukuza kwa mikuki. Askari wakapekua nyumba, wakaikuta kengele chini ya magunia ya Alfani. Wakamfunga, wakisema ni mwasi na mwizi wa kanisa. Alfani hakubabaika. Alimtazama Hironimus, akasema, "Mwalimu, waambie."

Hironimus akapangusa jasho. "Mimi sijui habari za kengele hiyo."

Angesema kweli, ingejulikana kwamba alikimbia kabla hata mkuki mmoja haujaonekana.

Nikapaza sauti, "Anajua! Alimpa mbele ya macho yangu!" Mkalimani wa askari akacheka. Askari akanipiga kitako cha bunduki, na bega hili mpaka leo halinyanyuki vizuri. Mwanaheri akaishika kanzu ya Hironimus. Yeye akajinasua, akaikung'uta kana kwamba imeshikwa na masizi.

Alfani alichapwa viboko, akatiwa mnyororo shingoni pamoja na wafungwa wengine, wakapelekwa pwani. Jumapili iliyofuata mwalimu wako akahubiri juu ya Petro aliyemkana Bwana. Petro, Kajetani! Lakini Petro alitoka nje akalia. Huyu alitoka nje akauliza kama kuku ameiva.

Mwanaheri sasa anakaa kwetu. Juzi Hironimus alipita akamwambia kwamba anamwombea mumewe. Mwanaheri akamjibu, "Usimsumbue Mungu. Nenda bomani ukaseme wewe." Mtumishi wa Mungu akaondoka akinung'unika kwamba wanawake wa siku hizi hawana adabu.

Mdogo wangu, sina ugomvi na wito. Nina ugomvi na huyo unayetaka kumwiga. Wapagazi wanasema wafungwa wa mnyororo wanabeba mawe bandarini, huko huko uliko. Kabla hujamjibu padre, nenda ukamtafute Alfani. Ana kovu juu ya jicho la kushoto. Mpelekee chakula, mwambie mkewe yu hai na yuko kwetu. Kisha umchukue padre, mwende bomani mkaseme haya niliyoyaona. Najua wanaweza kukukasirikia. Ukiogopa, baki na kazi yako ya dukani, sitakulaumu, ila usijiite mchungaji mbele yangu.

Mama anakusalimu, na mdogo wetu Theodosia pia. Mwanaheri hana salamu. Ameniomba tu niandike kwamba anangoja.

Mungu akupe afya, na mdomo usiotetemeka.

Mimi dada yako nikupendaye,
Notburga