Ukuta wa Tela Uliovimba

Marahaba, mjukuu wangu Alinda.

Fundi wa Rubwera alisema jana kuwa paa langu halivuji tena. Mimi ni mzima, ila nyumba imekuwa kimya tangu bibi yako atutoke.

Umeuliza kama upake gundi ukuta wa plaiwudi wa tela unamolala, ambao matabaka yake yameachana. Tela letu la kuuzia chai Nyabiyonza liliwahi kuvimba hivyo. Mvua ilipokatika tu nikapaka gundi, nikakandamiza kwa magunia ya kahawa. Bibi yako akaugonga ukuta, akasikia unalia kama kitu kilicholowa, akacheka: "Umeyafungia maji humo! Unaotesha migomba?" Ukuta ukaoza. Ukuta wa pili ulipovimba, tuliziba paa kwanza, tukausubiri ukauke, ndipo tukapaka gundi.

Siku hizi nikigonga ukuta, hakuna wa kunisahihisha.

Usipake gundi bado. Nitafika Jumamosi kwa basi la asubuhi, tuugonge sote wawili.

Babu yako