Simu Niliyoikata Siku ya Hitma

Jumapili, Ilford

Na mchezo wenyewe wa bure! Ndiyo uzuri wake: hulipii kitu, simu yangu kuukuu inauweza, na hao ninaocheza nao vita vya risasi mtandaoni wananichekesha kuliko mtu yeyote hapa London. Ubaya wake, hausimami. Ukitoka katikati, wenzako wanakufa na lawama ni zako.

Leo tulikuwa tumebaki wawili, maadui watatu, mama akapiga kutoka Pemba. Nikakata. Nilishamwambia zamani: nikikata, ujue niko kazini, nahudumia mgonjwa.

Tukashinda. Nikapiga kelele peke yangu sebuleni kama mwehu.

Ndipo nikasikiliza ujumbe wake wa sauti. Leo ilikuwa hitma ya marehemu baba, nami nimesahau kabisa. Walishamaliza kumsomea Kurani, wakaiweka simu katikati ya mkeka ili na mimi niitikie dua.

"Najua uko na mgonjwa, mwanangu," anasema. "Usijali, tumeitikia sisi kwa niaba yako. Na tumekuombea, unavyowatunza wazee wa watu."

Nimeusikiliza mara nne. Kumpigia siwezi. Najua swali lake la kwanza: mgonjwa wako anaendeleaje?