Mabuti ya Kipaimara

Kibimba, Jumapili jioni

Mjukuu wangu Adela,

Marahaba. Huku sote wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha. Umeuliza kwa nini kila ukinitumia pesa kwa simu nakimbilia kwa wakala kuzitoa.

Nilipokuwa msichana, nilichuma kahawa kwenye shamba la tajiri mmoja ili ninunue viatu vyeupe vya kipaimara. Tajiri alitulipa kwa kadi zilizokubaliwa katika duka lake tu. Nikazipeleka sokoni kwa mama muuza viatu. Akacheka: "Kadi nzuri, binti! Lakini nikimpa muuza chumvi hizi, si atanifukuza?"

Dukani kwa tajiri, viatu vilivyokuwepo ni mabuti ya mpira tu. Nikaingia nayo kanisani. Padri akaninong'oneza, "Binti, umeona mawingu?" Nusura nicheke mbele ya askofu.

Shajara yangu ya siku hiyo inasema: "Nimepata kipaimara. Mabuti yamepiga kelele mpaka altareni."

Basi endelea kutuma kwa simu, nafurahi sana. Ila siku kampuni ikitaka kunichagulia duka, nitakuwa na noti zangu kwenye kopo, na viatu nitachagua mwenyewe.

Bibi yako,
Veneranda