Kete Nne Ndani ya Kopo

Jumanne, tarehe 4

Mdogo wangu mpendwa,

Basi tuendelee pale nilipoishia, karatasi ndiyo iliyonikata kauli. Hujambo huko ugenini? Sisi wazima, mgongo wangu tu ndio unanigombeza. Mwanao Chiriku kanenepa, na jina lake bado linachekesha watu: chiriku asiyetoa neno.

Kipimo chenyewe cha masikio kiko hivi. Kile chumba kina mlango mnene kama godoro, ukifungwa unasikia tumbo lako mwenyewe. Mpimaji kajifunika mdomo kwa kitambaa, mtoto asimsome midomo. Akitoa sauti, mtoto anatia kete kwenye kopo. Mashine za masikioni tumeazimwa tu. Akifaulu anabaki nazo na shule anaingia. Akishindwa anavalishwa mwingine, foleni ni ndefu.

Sauti zote kazipata. Nilibana vigelegele kooni. Ila mpimaji akinyamaza, mwanao anatia tena: kete tatu harakaharaka, anangoja, halafu moja. Mpimaji akanitazama eti namkonyeza mtoto. Nikamwambia umbea ninao, wizi sina. Akazizima mashine kabisa, kiziwi kabaki kiziwi. Tatu, halafu moja. Kasema anabahatisha huyu, kipimo cha mwisho ni tarehe 18, na akirudia hivyo mashine zinarudi kwao.

Dada yako

Jumatano, tarehe 12

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, mashuka ya hoteli hayajanimaliza. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Tatu halafu moja umeisahau kweli? Mama alikuwa anabisha hivyo, kwa fimbo yake. Hata siku ile jirani alimsikia. Mimi na wewe tulikuwa ndani tunacheka na redio, tukaja kumkuta kizingitini kashapoa. Chiriku hata sijamzaa.

Siwezi kuzikosa zile mashine. Mfundishe asiiitikie hiyo. Lakini ikija kubisha nyumbani, msifungue.

Mdogo wako

Alhamisi, tarehe 20

Mdogo wangu,

Mbona unanitisha mchana kweupe? Na salamu umezibania kama chumvi ya mgonjwa. Sisi wazima.

Mwanao kafaulu. Nilimfundisha siku tatu hapa mezani, kwa mikono: zile nne za kwenye kimya si zako, ziache zipite. Jumanne kakaa, kete kaishikilia shavuni, mpimaji kanyamaza. Hakutia. Mashine zetu, shule yetu. Mpimaji mwenyewe kacheka, na yule si mtu wa kucheka, tangu mumewe ahamie kwa mshonaji. Hayo nitakusimulia.

Kitu kimoja tu. Tulipotoka, Chiriku akageuka akautazama ule mlango kama unavyomtazama mtu uliyemnyima maji. Akaniambia kwa mikono: "Bibi amechoka kusimama."

Nikacheka. Halafu nikajiuliza, bibi gani? Mimi na domo langu hili, habari za mama sijawahi kumpa.

Tangu siku hiyo, akiwa nyumbani anavua mashine, anakaa kuutazama mlango wetu. Kete nne kazipanga pale kizingitini. Nikiziokota anazirudisha. Na mimi, tangu nisome barua yako, redio sijaiwasha. Kweli nakuambia, mimi. Nyumba imekuwa kimya kama kile chumba, hata kalamu naisikia ikikwaruza.

Sasa hivi ni saa sita, jua la utosi. Chiriku kanigeukia, ananyoosha kidole mlangoni. Mashine ziko hapa mezani, pembeni ya karatasi hii, zimezimwa.

Nami nimesikia.

Tatu. Kimya. Moja.

Najua umesema tusifungue. Lakini mdogo wangu, siku ile nilikuwa na kisingizio, sikusikia. Leo nitasema nini? Mtoto kashashika kitasa, ananichekea. Ngoja kidogo, nita