Nguruwe wa Mkuu Wanaumwa

Jumatatu, 3 Machi

Nguruwe wa Mkuu wanaumwa! Naandika tena nijionee kwa macho yangu: nguruwe wa Mkuu wanaumwa.

Simu imeingia saa nne. Mimi niko machinjioni, muhuri mkononi, napiga alama nyama iliyopita ukaguzi, kama kila siku kwa miaka sita. Karani kanifuata mbio. Daktari wa mifugo wa eneo kavunjika mguu, hakuna mwingine, itabidi uende wewe. Nikauliza, kwa nani? Alipotaja nikageukia ukutani asinione nacheka.

Alistaafu zamani lakini watu bado wanamwita Mkuu. Alikuwa mkuu wa kituo chetu, mimi daktari mgeni chini yake. Siku tulipoitwa shamba la ushirika, nguruwe mia tatu, mimi nilisema: hii ni homa ya nguruwe, kirusi, hakina dawa, tufunge shamba. Akanicheka mbele ya wafugaji. Binti umesoma sana, bado hujaona kitu. Kwake yeye yalikuwa madoa tu, ugonjwa wa bakteria, penisilini inaumaliza. Akachoma. Sindano moja, banda zima! Anaitoa kwa mgonjwa anaiingiza kwa mzima, anasambaza kirusi kwa mkono wake mwenyewe. Wakafa wote, na majirani wakafuata. Halafu akakaa mezani akajaza fomu. Palipoulizwa nani alichoma, akaandika jina langu.

Yeye akaagwa kwa keki. Mimi nikapewa muhuri.

Mamdogo, ninayekaa naye, alipoteza nguruwe wake wanane katika balaa hilo hilo. Nimemkuta jikoni nikamwambia. Kaweka mwiko chini. "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena, polepole."

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda. Naandika yote, sitaki nisahau hata moja.

Kazeeka! Kanipokea getini na buti za mpira, ya kushoto kaivaa kulia kwa haraka, ndevu hazijanyolewa. Shikamoo ilinitoka kwa shida. Marahaba mwanangu, kasema. Mwanangu! Nikajikaza.

Kaanza kueleza kabla sijavaa ovaroli. Ni homa, mwanangu, safari hii naijua. Wanalala wamerundikana, hawali, masikio mekundu. Wawili wamekufa. Nikasema nionyeshe hao wawili. Kumbe kashawazika, kawamwagia chokaa. Nikamkaripia, nikamkaripia hasa, na mkewe akisikia! Maana maiti ndiyo inayosema. Kwenye homa bandama huvimba, huwa jeusi, ukilishika linamomonyoka mkononi. Tezi huwa nyekundu kama damu iliyoganda. Sasa nitapasua nini, chokaa?

Basi nikafanya kazi na walio hai. Vyumba vinne, nguruwe sitini na mmoja, wagonjwa saba, wote chumba cha kwanza. Joto 41.2, 41.5, 41. Nikafunua midomo, nikaangalia kwato: hakuna malengelenge, kwa hiyo si ugonjwa wa miguu na midomo. Hakuna anayekohoa wala kupiga chafya, mafua nikayatupa nje. Zimebaki mbili, homa au madoa. Nikapitisha kiganja mgongoni kwa mmoja wao.

Vimeinuka!

Viraka vyekundu vya pembe nne, vimetuna, kiganja kinavisikia kabla ya jicho. Nikamshika wa pili, naye vilevile. Wekundu wa kirusi hukaa bapa chini ya ngozi, hautuni. Haya ni madoa! Madoa yenyewe! Alipoambiwa homa akasema madoa, leo ana madoa analia homa. Na penisilini iko ndani ya mkoba wangu, kwapani.

Akawa ananitazama usoni. Mtu mzima, mdomo unamtetemeka.

Nikasema: siwezi kusema kitu mpaka maabara.

Nikachukua damu, nikafunga geti kwa utepe. Haingii mtu, hatoki nguruwe, hawapewi dawa yoyote, siku saba. Nimemsomea kifungu kwa kifungu. Yote kwa mujibu wa sheria, hakuna wa kunigusa. Jamani, sheria tamu!

Jumatano, 5 Machi

Machinjioni. Mkuu kapiga simu mara tatu. Nimeiacha iite.

Mamdogo anataka kujua uso wake ulikuwaje. Nimemwigizia. Kacheka mpaka kashika goti lake bovu. "Na bado! Cha moto atakiona."

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimepokea. Watatu zaidi wamekufa. Anauliza, hata penisilini ya kujaribu? Nikamwambia mwongozo hauruhusu, mzee, wewe ndiye uliyenifundisha.  

Mkewe kamnyang'anya simu. Hali chakula, kasema, anashinda bandani kakalia ndoo, anawaita mmoja mmoja. Dada yangu, nakuomba. Nusura niseme nakuja. Nikajizuia. Mimi nilipoondolewa kituoni nani aliniita dada?

Jioni Mamdogo kaniuliza tu, bila nia mbaya: lakini hasa wewe uliona nini? Nikamwambia kweli. Madoa. Yanatibika, siku mbili wanasimama.

Akaacha kucheka. Nikajua nitasemwa.

"Wakifa wote," kasema, "yeye atajua ni homa. Bahati mbaya, amri ya Mungu. Hatajua kwamba wewe ulijua. Sasa hicho ni kisasi gani, mwanangu? Umemkomoa mtu hajui kama kakomolewa!"

Mwanamke huyu! Angesoma angekuwa hakimu.

Ijumaa, 7 Machi

Sikupata utulivu kutwa. Nimegonga mihuri mpaka kwenye meza.

Ana haki Mamdogo. Niwaponye! Niwaponye mbele ya watu, mbele ya mkewe, mbele ya majirani wote waliokuwepo siku ile aliponiita binti uliyesoma sana. Penisilini, wanainuka, wanakula, na yeye kasimama pale mdomo wazi. Halafu nimwambie kwa sauti: Mkuu, haya ndiyo madoa. Ulikuwa huyajui, na bado huyajui.

Maabara hawajajibu. Ya nini kuwangoja, kiganja changu kimeshajibu.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimeishi!

Nilimwambia mkewe awaite majirani. Wamekuja kama ishirini, wamejaa kwenye uzio. Nikawaeleza kwa sauti ya darasani: hivi ndivyo mnavyotofautisha. Wekundu bapa, kirusi, hakuna mjadala. Wekundu uliotuna, bakteria, msikate tamaa. Wakawa wananiitikia kama kwaya. Wawili nikawaruhusu waingie, wapapase wenyewe, wanishikie nguruwe.

Mkuu nimemfanya mshika masikio. Shika huyu! Kaza! Usimwachie! Miaka sita nilikuwa nangoja kumwambia hivyo mtu yule.

Nilianza chumba cha kwanza, wagonjwa, kisha nikasema wapigwe wote kwa kinga, mpaka chumba cha nne. Sindano nilikuwa nazo kumi na mbili. Zilipoisha niko katikati ya maelezo, watu wameninyamazia, mkono umeshika kasi. Ningesimama vipi pale? Niseme ngojeni niende dukani? Nikaendelea na ile ya mwisho. Penisilini ikiwa ndani hata bakteria aliyeko kwenye sindano anakufa, nikajiambia.

Kuna mahali, chumba cha tatu, Mkuu aliitazama ile sindano. Akaitazama sana. Akafungua mdomo. Nikamkazia macho. Akaufunga.

Nilijua ni aibu inamtafuna. Nikafurahi, nisijidanganye, nilifurahi mpaka masikio yakawa moto.

Mwisho nikamwambia yale niliyoyapanga, neno kwa neno, kila mtu akisikia. Hakubisha. Kasema: asante, daktari. Daktari! Si binti.

Mamdogo kanirudisha mwanzo mara tatu, kila mara na chai mpya.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda na themometa na tabasamu langu.

Wale wawili wa viraka: 39.4 na 39.6. Wamesimama, wanakula pumba. Si nilisema!

Wengine wa chumba kile: 41.3, 41.6, 41.6. Mmoja anayumba miguu ya nyuma. Mmoja damu puani.

Wengine huchelewa. Ni saa ishirini na nne tu. Dawa inataka siku mbili, kila kitabu kinasema hivyo. Nimemwambia Mkuu asubiri. Kaitikia kwa kichwa, kwa upole ulioniudhi.

Jumatatu, 10 Machi

Nguruwe jike mkubwa kafa alfajiri. Nimempasua mimi mwenyewe, nyuma ya banda, Mkuu kanishikia beseni.

Bandama lilikuwa refu kama mkono wangu. Jeusi. Nimelishika, likamomonyoka.

 Kanimwagia maji, nikanawa.

Saa sita maabara wamepiga. Homa ya nguruwe. Damu zote nilizopeleka, pamoja na za wale wawili wa viraka. Walikuwa na vyote viwili, masikini. Madoa juu, homa chini. Mimi nilishika wawili nikawasemea sitini na mmoja. Watoto wa mwaka wa pili chuoni wanafelishwa kwa hilo.

Vyumba vya pili, vya tatu na vya nne havikuwa na mgonjwa hata mmoja Jumanne. Nilikwenda kwao na sindano iliyotoka chumba cha kwanza.

Na wale majirani wawili walioingia wana nguruwe nyumbani kwao. Nimewapigia, nimewaambia wachome nguo na viatu vya siku ile. Mmoja kacheka, kadhani natania.

Mamdogo sijamwambia.

Jumanne, 11 Machi

Naandika sebuleni kwa Mkuu. Fomu iko hapa, kwenye meza yake yenye kitambaa cha kufuma, na naandika daftari hili kwanza kwa sababu ile siwezi.

Asubuhi nimepima chumba cha nne. 40.9. 41.1. 41. Wamerundikana pembeni, hori limejaa. Wale wale waliokuwa wananivuta ovaroli Jumamosi wakitaka chakula. Kesho wanakuja wa kuwaua na mashimo yatachimbwa kuanzia leo mchana.

Nilipotoka bandani nimekaa kwenye ndoo, ile ile yake. Kaja kasimama pembeni. Nikamtupia lile swali kama jiwe: uliiona sindano Jumamosi?

Niliiona.

Mbona hukusema? Wewe! Wewe unayejua kuliko mtu yeyote duniani! Nimepiga kelele mpaka mkewe katokeza dirishani. Ulitaka niingie mkenge, sivyo? Ulikuwa unanilipizia!

Kangoja nimalize. Kasema, ungenisikia? Mimi nikuambie habari ya sindano, wewe ungenisikia?

Nikainuka kwenye ndoo.

Kasema: siku ile pale ushirika na mimi watu walikuwa wamejaa uzioni. Na mimi raha ilikuwa imenipanda hivyo hivyo. Nilikuona unaitazama sindano yangu, mwanangu. Nikakukazia macho, ukanyamaza.

Kweli. Nilinyamaza. Miaka sita nimesimulia habari ile na sijawahi kuisimulia pale nilipoiona sindano na kunyamaza. Hata Mamdogo hajui. Hata daftari hili halikujua.

Ndipo tukaingia ndani. Kaniwekea fomu, kalamu, maji ya kunywa. Kama mzazi anayemketisha mtoto afanye kazi ya shule. Sehemu tisa ziko rahisi: idadi, dalili, tarehe, majibu ya maabara. Ya kumi ndiyo inaniangalia. Tiba iliyotolewa kabla ya majibu, na aliyeitoa.

Kasema kwa sauti ya chini, mkewe asisikie: andika ni mimi. Andika nilichoma kabla hujafika, nikakuficha. Hao wa uzioni nitaongea nao, wengi hawajui hata kilichochomwa ni nini. Mimi nimeshastaafu, watanifanya nini? Wewe una kazi. Nilikuandika kwa uongo, sasa niandike kwa uongo. Tutakuwa sawa.

Tutakuwa sawa!

Sikulala miaka sita nikiliomba hili. Jina lake, mahali pale pale, kwa mwandiko wangu. Nililiomba kwa magoti. Na sasa ananiletea mwenyewe kwenye sinia, na glasi ya maji juu!

Sitaki tuwe sawa. Sitaki! Nataka yeye awe mwovu na mimi niwe yule binti aliyesema kweli akachekwa. Nikiandika jina lake nimekuwa yeye, kwa kila kitu, hadi fomu. Nikiandika langu, hata muhuri watanipokonya, na Mamdogo tutamlisha nini, na yeye Mkuu atakuwa kasafika, mzee mwema aliyenitetea. Kila upande anashinda! Namchukia. Namchukia leo kuliko juzi na kuliko siku ya keki.

Yuko mlangoni, kanigeuzia mgongo. Ananisubiri bila kunihimiza. Huko nje wameanza kuchimba.

Mamdogo kapiga simu sasa hivi. Kauliza kwa furaha: wamepona wote? Nikasema nitakupigia.

Nimeandika kwenye fomu: Sindano zilichomwa na…