Mkoba wa Bi Mdogo na Mkoba Wangu

Mbeya,
Jumapili asubuhi

Kwa mume wangu Baba Zuhura,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, miguu haivimbi, na mvua imenyesha vizuri hata mahindi yangu ya nyuma ya nyumba yamesimama. Je, yupo mtu anayefungua madirisha ya nyumba yangu? Old Korogwe nyumba ikifungwa wiki moja tu, unyevu wa mto unapanda ukutani. Mimi huku sijambo. Mwanao Zuhura hajambo, mumewe hajambo, na wajukuu zako mapacha wameanza kutembea wakishikana nguo, mmoja akianguka na mwenzake yuko chini. Baridi ya Mbeya ndiyo bado hainizoei.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Naandika kwa sababu simu yako siku hizi ina mwenyewe. Kila nikipiga anapokea mke mwenzangu Saumu, kwa ile sauti yake ya upole. "Shikamoo dada. Mzee amepumzika, nimwamshe?" Ningesema nini? Nikasema mwache apumzike, kana kwamba huko Handeni ndiko unakochoka na kwangu Korogwe ulikuwa unakuja kucheza. Barua angalau utaisoma mwenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Baada ya Idi ya kuchinja, wifi yangu Mwajuma, dada yako ambaye hajawahi kuona jambo akalinyamazia, alimtumia Zuhura picha kwenye simu. Wewe uko mnadani Handeni, umesimama katikati ya mbuzi na madalali wenzako, kofia umeivuta pembeni, na begani una mkoba mpya wa ngozi. Umeuleta mbele makusudi uonekane. Chini ya picha wifi ameandika kwamba bi mdogo kamshonea mzee kwa mkono wake, kwa ngozi ya beberu wa Idi, na kina mama wa Kimasai pale mnadani ndio waliomwonyesha namna ya kuikwangua na kuilainisha. Zuhura akacheka, akasema baba kapendeza. Nikamwambia anipe mtoto nimbembeleze, ingawa mtoto alikuwa amelala.

Nina wivu, Baba Zuhura. Nakuandikia wazi ili usipate taabu ya kukisia. Miaka yote umebeba vibali vya mifugo na kalamu zako kwenye ule mkoba wa kitambaa wenye zipu mbovu, nami nimeushona ubavu mpaka kitambaa kikaisha, na hukuwahi kupigwa picha nao. Halafu yule beberu. Ulichinja kwa niaba ya nyumba zako zote mbili, ulinieleza mwenyewe, enzi zile unapokea simu yako. Ngozi ya mnyama wa Idi haiuzwi, sawa, inatumika nyumbani. Nyumbani kwa nani? Kwa hesabu yangu nusu ya ngozi hiyo ni ya Korogwe, nawe unaitembeza begani kila siku ya mnada bila kuniuliza.

Nikajiambia Saumu amenunua tu Tanga mjini, akadanganya watu kuwa kashona. Wazo hilo lilinipa nafuu siku chache. Kisha nikaenda kwa fundi.

Usinune. Jirani na kwa Zuhura yuko fundi wa viatu na mikoba, anaitwa Ambakisye, mtu wa vidole vinene na maneno machache. Alasiri, Zuhura akirudi kutoka kazini na kuchukua watoto wake, mimi nakwenda kukaa barazani kwa fundi. Amefiwa na mke, meno yake yote anayo, na chai ananikaribisha. Naandika haya ili na wewe uonje kidogo.

Nilimwambia nataka kushona mkoba wa mwanamume, wa begani, na sitaki anisaidie hata mshono mmoja. Akaniuzia kipande cha ngozi ya ng'ombe, ya kahawia, iliyoiva kwa magome ya miwati, miti kama ile ya kwetu milimani Bungu. Nilipoinusa nilimkumbuka marehemu baba akirudi kutoka shamba. Nikachora kwanza kwenye boksi la sabuni: mgongo, uso, kifuniko na ubavu. Kipande cha kwanza nilikikata nikiwa na picha ile kichwani, kisu kikapita mstari, mgongo ukawa mfupi kuliko uso. Fundi akaenda ndani kuniletea ngozi nyingine. Kile kilichoharibika nimekitumia kwa mifuko ya ndani.

Na mifuko ndiyo ninayojivunia, maana hapo ndipo unapomjua mshonaji kama anamjua mvaaji. Upo wa miwani, mgumu, kwa kuwa wewe miwani huwa unaikalia. Upo wa vibali, mrefu, visikunjwe. Na nyuma kabisa, chini ya kifuniko, upo mwembamba usioonekana, humo ulimoikuta barua hii. Huo ni wa dawa zako za presha. Najua Saumu hajui kama unameza dawa. Umemficha ili uonekane kijana, unazifunga kwenye leso na kusingizia ni peremende, halafu unazisahau kwangu na kunipigia kelele nizitume kwa basi. Sasa huna kisingizio.

Mkanda ulinisumbua. Nilimpima mkwe wetu, naye kumbe ni mrefu mno, kwa kipimo chake mkoba ungekuwa unakugonga goti. Ndipo nikakumbuka mlango wangu wa nyuma, ule unaokuvua kofia kila ukipita. Mimi nikiinua mkono, ncha za vidole zinagusa mbao ya juu ya mlango ule. Basi nikasimama kwenye ukuta wa fundi, nikainua mkono, nikaweka alama ya chaki, hapo ndipo utosi wako. Nikashuka kutoka hapo mpaka begani, kutoka begani mpaka kiunoni. Fundi akauliza ninampima nani ukutani wakati hakuna mtu. Nikamwambia yupo. Mkandani nimetoboa na matundu ya ziada ya bizimu, isije ikawa umenenepa huko Handeni.

Kisha kushona. Unatoboa kwa msharasi, tundu baada ya tundu. Uzi unapakwa nta, na sindano ni mbili, moja kila ncha ya uzi. Zinapishana ndani ya tundu lile lile, hii ikitoka kulia na ile kushoto, ndipo unavuta zote pamoja. Siku ya kwanza nilivuta kwa nguvu hata fundi akaweka nyundo chini.

"Mama," akasema, "huyo mtu unamshonea au unamfunga?"

Nikamjibu vyote viwili.

Vidole vimenichubuka pale uzi unapopita, hata kukanda unga nimeshindwa, Zuhura ndiye anayekanda. Na hapo ndipo liliponipata jambo baya kuliko ile picha. Nilikuwa katikati ya ubavu wa pili, mara nikajua kwamba Saumu hakununua. Hakwenda Tanga wala wapi. Alikaa chini akatoboa na kuvuta, vidole vikamuuma hivi hivi, naye akaendelea. Mtu hajiumizi namna hii ili asifiwe na wifi. Siku zote nilimwona kama mgeni uliyempangishia chumba Handeni, iko siku atachoka aondoke. Sasa najua kwamba anakupenda, na nimejulishwa na vidole vyangu mwenyewe. Baba Zuhura, kumchukia kulikuwa rahisi zaidi.

Kuna jambo hulijui. Nilikuwa nimemwambia Zuhura kwamba sirudi tena Korogwe, nitakaa hapa mpaka mapacha waanze shule, na baada ya hapo tutaona. Nilitaka nyumba ifungwe, majirani wakuulize mkeo yuko wapi, nawe ukose la kusema. Mkoba ulipokwisha sikuweza tena. Siwezi kushona kitu hivi halafu nisiwepo kukiona kinatembea. Mwisho wa mwezi narudi, kama bado unanitaka. Utaratibu utakuwa huu: siku za zamu yangu Korogwe unavaa wa kwangu, siku za Handeni unavaa wa Saumu, na njiani, kwenda na kurudi, unavaa wa kwangu, kwa sababu mimi nilitangulia. Kama hukubali, nijulishe kabla sijakata tiketi. Na upige wewe, usimpe mtu simu akupigie.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya magoti namletea. Nisalimie imamu jirani yetu na mkewe aliyenitunzia kuku. Wifi Mwajuma mwambie picha ya pili nimeipata, ile aliyoipiga kwa karibu ili nione kazi ya bi mdogo ilivyo nzuri. Mwambie asichoke kupiga picha, kwani na wa kwangu unafika.

Na Saumu msalimie. Picha hiyo ya pili niliikuza mpaka mshono ukaonekana. Ameshona kwa sindano moja, inaingia na kutoka, uzi hauna nta. Mshono wa namna hiyo ukikatika mahali pamoja unaachia wote, na utaanzia pale mkanda unapoungana na mfuko, kwenye uzito. Nilipoona nilifurahi, sikufichi, nilifurahi hata nikamwita fundi aje aone. Usimwambie. Siku utakapoachia, usiupeleke kwa fundi yeyote, wala usimpe yeye aurudie. Niletee mimi Korogwe. Nitaushona upya kwa sindano mbili, kwenye matundu yale yale aliyoyatoboa, kisha nitakupa uondoke nao kwenda kwake. Watu wataendelea kuuita mkoba wa Saumu. Uzi utakuwa wangu.

Mkeo wa kwanza,
Mama Zuhura