Kiatu Kimoja Stesheni ya Vwawa

Na ile picha ya zamani ya treni uliyoniuliza, mjukuu wangu Neema, si Mlowo kama nilivyokujibu. Hapa Chapwa hatujambo, nami bibi harusi wa miezi miwili bado natabasamu ovyo.

Jana nilimwonyesha babu yako mpya. Akacheka: “Mke wangu, hapa ni Vwawa! Huyu binti aliyegeuza mgongo alikimbiza treni anipe dirishani ndizi nilizokwisha mlipa, kiatu kikamvuka. Nilimwita, hakusikia.”

Neema, binti huyo ni mimi! Habari za kiatu sijawahi kumsimulia mtu.

Miaka yote nililia kiatu, kumbe dirishani kulikuwa na mume wangu! Kabla mwezi haujaisha tunakuja kwako wote wawili, na ndizi.